Safari ya Makunduchi na Kimya Chako

Zuhura mwanangu,

Salamu ndefu sikuandikii, maana tuko nyumba moja na ukuta mmoja tu unatutenga, nikikohoa huku unanisikia. Nnaandika kwa kuwa kusema nimejaribu tangu magharibi, nikashindwa. Bi Tatu jirani yetu yuko nawe chumbani, ndiye somo yako, anakufundisha ya kufundishwa bibi harusi, nami mwanamme siwezi kuja kujibanza baina yenu. Barua hii nitampa yeye akutie mkononi. Mambo ya masanduku, udi, liwa, na nani atapanda punda yupi kesho, yote anayo yeye na mimi siyagusi. Mimi nina jambo moja tu, na jambo lenyewe lina mkia mrefu.

Kesho asubuhi nitakaa mbele ya shekhe nikuoze kwa Pandu, mwana wa Mzee Simai, kisha mshike njia ya Makunduchi, maana fungate tumekubaliana mkalie huko, nyumba yetu haina chumba cha bwana harusi. Wiki iliyopita nilikuuliza mbele ya mashahidi: "Zuhura, nikuoze kwa Pandu?" Ukainamisha kichwa, ukanyamaza. Wakasema alhamdulillahi, kimya cha mwanamwali ndiyo ridhaa yake. Nami nikasema alhamdulillahi kwa sauti kubwa kuwashinda wote, mpaka kuku wakaruka uani.

Ile sauti haikuwa kwa ajili yako, mwanangu. Ilikuwa kwa ajili ya ami yako Nassor, aliyekuwa ameketi pale pale kwenye mkeka wa mbele. Nilitaka imwingie sikioni ikae humo.

Unajua kuwa mimi na ami yako hatusemezani. Watu wa mtaa wanasema ni urithi. Uongo! Baba yetu mmoja, mama zetu mbali mbali, mamake Mmanga na mamangu Mtumbatu, na mzee alipofariki yeye alitoka na nyumba ya mawe na shamba, mimi nikatoka na ufundi wangu wa kuwamba vitanda vya kamba. Hayo nilimsamehe siku ile ile. Mali huja na kwenda. Nililomkasirikia ni jingine, na wewe ulikuwapo, una miaka sita.

Masika yalikuwa yamekwisha na kipupwe kimeingia, na mwalimu wenu wa chuo cha Kurani amesafiri Pemba kwenda kuoa, watoto wote wa mtaa wamefunguliwa kama mbuzi. Wakati kama ule ami yako hupakia nyumba nzima kwenye magari ya ng'ombe akaenda shamba, wakakaa mwezi mzima, watoto wanakunywa madafu na kuoga kijitoni. Mwaka ule mkewe akatuma mtu: "Mwambieni Said amtayarishe Zuhura, tutampitia." Mamako, Mungu amrehemu, alikuwa hajatimiza mwaka kaburini. Nikasema moyoni, kumbe watu wana utu. Bi Tatu akakukogesha, akakusuka, akakukunjia nguo kwenye kikapu, na usiku ule ulilala umekikumbatia kikapu kile kama mtoto mchanga.

Alfajiri ukakaa barazani. Magari yakaja jua limeshapanda. La kwanza watoto tupu. La pili magodoro na masufuria, na juu ya magodoro, kwenye tundu lake la shaba, kasuku wa ami yako kakaa kitako kama liwali. Nikakunyanyua nikupandishe. Ami yako akasema, wala hakunitazama usoni: "Safari hii haiwezekani, Said. Gari limejaa. Tena mtoto wako ana kikohozi, atawaambukiza wenziwe."

Hukuwa na kikohozi! Ulikuwa umepaliwa na kitumbua kwa furaha ya kuona magari.

Nikamwambia, "Kaka, mbona kasuku kapata nafasi?"

Akasema, "Kasuku amezoea shamba."

Waliokuwa barazani wakacheka. Nnawajua wote kwa majina yao na mpaka leo vitanda vyao siwambi. Gari likaondoka. Wewe hukulia. Laiti ungelia! Ulishuka mikononi mwangu, ukaingia ndani, ukatoa nguo kikapuni moja moja, ukazikunja upya, ukazirudisha kashani. Siku nzima hukusema neno.

Wazee husema akufukuzaye hakwambii toka. Yule alituambia toka kwa mdomo wake, mchana kweupe, akatupa na sababu. Damu ilinichemka hata kamba zikanishinda mkononi, na kitanda nilichokiwamba siku ile mwenyewe alinirudishia, kimelegea upande mmoja kama mtu aliyepooza. Jioni nikaapa. Nikasema wallahi, mwanangu atakwenda mandari ambayo watoto wa Nassor wakiisikia watajitupa chini walie. Shamba lao liko hapo tu, ukipiga mbiu mjini wanaisikia. Mimi nitampeleka wangu mwisho wa kisiwa.

Lakini kwa kitu gani? Mfukoni mlikuwa na upepo. Basi nikakaa nikapanga, na sijawahi kupanga kitu maishani mwangu kama nilivyoipanga safari ile. Mzee Simai ndiye aliyekuwa akiniletea kamba za makumbi kutoka Makunduchi. Punda wake waliingia mjini wamelemewa, wakarudi kwao mgongo mtupu. Mgongo mtupu, Zuhura! Miaka yote nimewatazama wakirudi watupu na sikuwaona, mpaka siku ile nilipokuwa na hasira. Ati hasira hupofusha. Hupofusha, ndiyo, lakini kwanza hufumbua macho.

Nikamwendea. "Shikamoo, Mzee Simai. Ukirudi, punda wako mmoja atampakia mwanangu?"

"Marahaba. Mwanao mzito kuliko kamba?"

"Si mzito hata kidogo."

"Basi unauliza nini?"

Usafiri ukawa umekwisha. Chakula, Bi Tatu alitupikia mikate ya mofa, maana haichachi upesi, tukatia tende na kipande cha papa mkavu kilichofungwa kwenye majani mara nyingi asije akanuka njia nzima. Malazi ndiyo niliyojivunia zaidi. Nilijua kila kijiji cha njiani kina kitanda kilicholegea. Basi nikatia zana zangu mkobani: nikifika mahali namkazia mwenye nyumba kitanda chake, naye atulaze. Na mwisho wa safari kulikuwa na sikukuu yenyewe ya Mwaka wa Makunduchi, na siku ya Mwaka kule kila nyumba sharti iwe na mgeni. Nyumba isiyokuwa na mgeni siku ile wenyewe hufanya huzuni. Mgeni njoo mwenyeji apone! Sisi tungekula na kulala, na bado wao ndio watakaotushukuru. Nikacheka peke yangu kiwandani kwangu kama mwenye pepo.

Bi Tatu alinijia juu. "Said, una wazimu? Mtoto wa miaka sita utamfikisha Makunduchi?"

"Kwani Makunduchi hawana watoto?"

"Wanao, lakini wamezaliwa huko huko, hawakutembezwa!"

Nikakuita. "Zuhura!" "Naam, baba." Nikakwambia tunakwenda safari mimi na wewe, na tunakwenda mbali kumshinda kasuku. Ukanitazama. Kisha ukacheka, mara ya kwanza tangu siku ya magari, ukakimbia kwenda kukitafuta kikapu chako.

Siku ya kwanza ya safari ile mtu asinidhulumu, ni yangu. Ulipanda punda ukampa jina la Kasuku, ili na sisi tuwe na wetu. Ulimwamrisha tangu Mnazi Mmoja mpaka koo likakukauka. Msituni tulikuta kima punju wamejaa juu ya miti, na ulimwuliza Mzee Simai kama wanasali. "Hawa?" akasema. "Hawa hata kuoga hawaogi, sembuse kusali!" Tukashuka pangoni kuteka maji. Mle ndani baridi na kiza, ukapiga kelele jina lako, pango nalo likakuita "Zuhura," nawe kwa adabu zako ukalijibu "Naam." Mzee Simai alicheka hata akakaa chini. Mimi nilikuwa nikikutazama na nikiwaza: Nassor, njoo uone. Njoo uone mtoto mwenye kikohozi!

Hata furaha yako nilikuwa nikiitumia kumpiga yule mtu. Sikujua kufurahi vingine.

Usiku tukalala Kitogani. Nikamkazia mwenyeji wetu kitanda chake, akalala juu yake kujaribu, akasema hajapata kulala vile tangu aoe. Kisha katika mazungumzo akasema, "Tajiri mmoja wa mjini, Nassor, amepita leo na wageni wake juu ya punda weupe wa Maskati. Ameacha watoto shamba, anakwenda kutazama Mwaka."

Hapo ndipo nilipoiharibu safari.

Unajua Mwaka ulivyo, lakini nitakukumbusha, maana ulikuwa mdogo. Wanaume hukutana uwanjani na mabua ya mgomba, na mwenye ugomvi na mwenziwe humtafuta pale. Hupigana mbele za watu, wanawake wakizunguka uwanja na nyimbo zao za kuwafedhehi wanaume. Na wakishapigana, yamekwisha. Ugomvi wa mwaka mzima unazikwa pale, hapana tena kununiana. Nami nilikuwa na mkono huu wa kukazia kamba, na Nassor alikuwa anakwenda mwenyewe kwa miguu ya punda wake mpaka kwenye bua langu. Usingizi ukanikimbia.

Mpango wangu mzuri ulikuwa twende taratibu, tulale Muyuni, tufike tumepumzika. Nikaufuta wote. Asubuhi punda alikuwa amepakiwa pale Kitogani magunia ya mtama ya karamu, anakwenda mwendo wa harusi. Nikamwambia Mzee Simai aje naye polepole, mimi na wewe tutatangulia kwa njia ya mkato, ile inayopita maweni. Akasema, "Said, mawe ya kule yanakata hata kwato." Sikumsikia. Nikakubeba mgongoni, nikachoka nikakutua, ukatembea, nikakubeba tena, nikakutua. Jua likatuwakia.

"Umechoka, mama?"

Kimya.

"Tuendelee?"

Kimya. Nikasema huyu mtoto shujaa huyu, huyu ni damu yangu, huku nikiyapanga maneno nitakayomwambia Nassor kabla sijampiga. Nilikuwa na maneno mazuri sana. Nikikuuliza nilikuwa sitafuti jibu, nilikuwa nauliza ili nipate ruhusa ya kwenda, na kimya chako kilinipa.

Tukafika. Mkewe Mzee Simai, Bi Mwanakheri, akatupokea mlangoni, akakutia ndani, akakuvua makubadhi. Mtume! Yalikuwa yameganda damu. Nyayo zote mbili zimechanika kama papai. Akaninyanyulia macho.

"Huyu mtoto hakusema?"

"Nilimwuliza, hakusema."

"Hakusema. Na macho yako ulimwazima nani?"

Akakuosha kwa maji ya vuguvugu na chumvi, akakufunga majani, na hukulia hata kidogo, ulimshika yeye ukosi wa kanzu tu. Jioni homa ikapanda. Nikakaa kitako karibu yako nikakwambia, "Zuhura, kwa nini hukuniambia unaumwa?" Na ukanijibu, kwa sauti ndogo, nakumbuka kila neno: "Nilidhani nikisema naumwa nitaachwa."

Uliachwa kwa kikohozi usichokuwa nacho. Ukajifunza. Miaka sita!

Nilitoka nje nikasimama nyuma ya nyumba ya watu nikalia kwa hasira. Mtu mwenye akili angejikasirikia nafsi yake. Nilijikasirikia, sitasema sikujikasirikia, lakini kidogo, nyingine yote nikampa Nassor. Nikasema huyu ndiye aliyemfundisha mwanangu kuficha maumivu. Gari lake, kasuku wake, mdomo wake. Chuki niliyokuwa nayo kabla ya hapo ilikuwa mchezo wa watoto.

Kesho yake Bi Mwanakheri akakubeba ubavuni mpaka ukingoni mwa uwanja uone. Wanaume wanapigana, mabua yanapasuka, maji ya mgomba yanaruka, watu wanacheka na kupiga vigelegele. Nikamwona Nassor amesimama na wageni wake, joho begani. Nikaokota bua zima, zito, halijapigiwa mtu. Nikamwendea, watu wakatupisha.

Nami nitamtendea haki hapa, maana wewe unaondoka na sitaki uondoke na nusu ya habari. Hakukimbia. Alivua joho, akampa mtu, akageuka akanipa mgongo. Akasema, na watu walisikia: "Nnajua nina lako, Said. Nipige, tumalize."

Nikanyanyua bua. Na pale juu, mkono umeshapanda, ikaniingia: nikimpiga, yatakwisha. Ndiyo mila. Nikimtia hata pigo moja, jioni atakuja nyumbani nilikofikia, tutakula sahani moja, na kesho atanisalimu na mimi nitaitika, na kasuku wake na gari lake vitakuwa hadithi ya kuchekesha. Mapigo matatu ya mgomba, yeye ashakuwa safi! Na wewe nyayo zako zimefungwa majani.

Nikalitupa bua chini. Nikasema, "Sikupigi. Nikikupiga yatakwisha, na mimi sitaki yaishe."

Mzee Simai alinishika mkono. "Usifanye hivyo, Said. Mwaka haukataliwi."

"Mimi Mtumbatu, mzee wangu. Mwaka huu wenu, si wangu."

Nassor akabaki ameinama mbele ya Makunduchi nzima, hajui ainuke au asiinuke. Nikikwambia haikuwa tamu nitakuwa mwongo. Ilikuwa tamu mwanangu, tamu ya kulamba vidole, na nimeila miaka yote hii. Amenisalimu njiani, sikuitika. Amenitumia sahani ya Idi, nimeirudisha na kawa lake juu, halijafunuliwa. Aliniletea vitanda vyake vya nyumbani niviwambe, vikarudi na hamali yule yule, vimelegea vivyo hivyo. Watu wakinambia samehe, nawauliza: kwani siku ile mlimwona nani akikohoa?

Sasa nimefika kwenye kiini. Mwaka huu, baada ya mfungo, ami yako alikuja hapa. Aliingia mwenyewe, nywele zimekuwa nyeupe, akakaa bila kukaribishwa, akakuposa kwa mwanawe. "Mtoto wa ami ndiye wa kwanza," akasema. "Tuwachanganye watoto, Said, sisi tuzeeke kwa amani." Nadhani alikuwa akisema kweli. Nadhani alikuwa ananipa mgongo mara ya pili. Nikamjibu nini? Nilikuwa na jibu limekaa kinywani miaka, nikamtemea: "Samahani, kaka. Gari limejaa."

Wiki ile ile Mzee Simai akaja kukuposa kwa Pandu, na kabla hajamaliza kufungua mdomo nilishakubali. Nikamwalika Nassor, ndugu yangu mkubwa, aje awe shahidi wakati nnakuuliza. Watu walisema Said amelainika. Nilimwita aje anywe kikombe changu mpaka mashapo.

Unaona, Zuhura? Wewe nilikuuliza, lakini macho yangu yalikuwa kwake. Sijui ulivyoinamisha kichwa. Sijui kama ulikuwa unaona haya kama wanawali waonavyo, au ulikuwa maweni umevaa makubadhi yenye damu, unadhani ukisema utaachwa. Shekhe anasema kimya ni ridhaa, na dini ndivyo ilivyosema, simbishii. Lakini shekhe hakusafiri nawe. Mimi nilisafiri nawe, na nnajua una kimya cha namna mbili, na siku ile sikutazama ni kipi.

Pandu ni kijana mzuri kwa ninavyomjua. Anasokota kamba sawasawa tangu mwanzo hata mwisho, hafichi kamba mbovu katikati ya mtumba, na sijamwona akimpiga punda. Wakati ule wa safari yetu alikuwa kwa wajomba zake Kizimkazi, hamkucheza pamoja. Umemwona nyuma ya mlango akileta mizigo, basi. Bi Mwanakheri yu hai, na ule ukosi wa kanzu ulioushika bado anausimulia. Huenda moyo wako umemtaka tangu zamani na mimi mzee nnajisumbua bure. Ikiwa hivyo nenda, na ukafurahi. Ufurahi wazi wazi, habari zifike mjini, ami yako azisikie asilale. Hilo silifichi, nitalipenda.

Na nikwambie jingine: kwa Nassor sijatubu. Usidhani barua hii ni toba. Ningerudishwa uwanjani leo ningelitupa bua lile tena. Ila wewe hukuwa bua. Nilikuokota wewe nikakunyanyua nimpige nawe, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Basi nimemwambia Bi Tatu leo akuulize mara moja tena, na kimya asikikubali. Akaniambia, "Said, kimya kingi kina mshindo mkuu, leo ndiyo umeusikia?" Nikamwambia nimeusikia leo. Atakuuliza, nawe utajibu kwa ulimi. Ukisema ndiyo, asubuhi nitakuoza na nitakaa kimya kama watu wazima. Ukisema hapana, usiogope punda wamekuja, usiogope pilau imetiwa chungu, usiogope Mzee Simai, yeye nitamwendea kabla ya alfajiri nimpigie magoti, ni mtu aliyetupokea na ana haki ya kunitukana. Wala hapana kwa Pandu si ndiyo kwa mtoto wa Nassor. Ni hapana tu, yako, ikae.

Kisha nitakwenda barazani kwa ami yako. Nitasimama mbele ya watu wake, wale wale waliocheka, nimwambie: "Kaka, harusi imevunjika, mwanangu hakutaka, na kosa ni langu." Acheke. Anyanyue bua lolote alilo nalo. Akinipa mkono nitaushika, mwanangu, mkono ule ambao nimeukataa tangu meno yako ya mbele yameng'oka na hayajaota upya. Sitaki. Nnasema kweli, sitaki hata chembe, naona bora nimeze makaa. Lakini nitaushika.

Sema unapoumwa, Zuhura. Mimi niko hapa ukutani, nimekaa macho. Hutaachwa.

Ni mimi babako,
Said, mwambaji vitanda